Maski Moja Haioni Yote

Saa kumi na moja jioni, Forodhani, Unguja. Jua linateremka upande wa bara, bibi harusi amelipa kisogo, kingo za shela lake jeupe zinawaka na uso wake umebaki kivulini. Nyuma yake jahazi linapita, tanga limejaa upepo. Mpiga picha amepima mwanga wa anga ili mawingu yasiungue, akijua kwamba uso ataunyanyua baadaye kwenye kompyuta. Ameamua vyema. Kilichoungua kwenye faili hakirudi, ila kilichomezwa na kivuli mara nyingi bado kimo.

Usiku anaketi kuhariri. Anachora maski ya mteremko kutoka juu ya picha hadi kwenye upeo wa bahari, anapunguza mwanga. Mawingu yanapendeza, lakini tanga, ncha ya mlingoti na utosi wa bibi harusi navyo vimeingia giza. Anaifuta. Anabonyeza kitufe cha kumchagua mtu, programu inamtambua bibi harusi kwa sekunde chache, anaongeza mwanga. Uso unatokea, ila shela limekuwa karatasi nyeupe na lesi yake haionekani tena. Albamu nyingi za harusi nilizozipitia zimeishia hapo: ama anga zuri na uso wenye giza, ama uso mzuri na shela lililoungua.

Wengi humlaumu fundi, wengine huilaumu programu. Mimi naona tatizo liko kwenye swali lenyewe. Maski moja imeulizwa jambo ambalo haina elimu nalo. Mteremko unajua mahali tu. Hauna habari kwamba pale juu pamepita mlingoti. Maski ya mtu inajua kwamba huyu ni mtu, lakini haijui nguo yake ina mwanga kiasi gani. Dawa ni kuziunganisha, na hapo ndipo uhariri wa kuchagua sehemu unapoacha kuwa kubahatisha.

Tuanze na maski yenyewe. Ni picha nyingine ya kijivu, isiyoonekana, iliyolazwa juu ya picha yako. Palipo peupe, marekebisho hupita yote. Palipo peusi, hayapiti kabisa. Palipo kijivu, hupita kwa kadiri ya ukijivu. Kompyuta huhesabu ukijivu huo kuanzia 0 hadi 1, au 0 hadi 255 katika mfumo wa biti 8. Ule wekundu unaoonekana juu ya picha unapochora maski umerithiwa kutoka kwenye karatasi nyekundu za plastiki ambazo mafundi wa matbaa walikuwa wakizikata kwa wembe ili kuzuia mwanga usifike sehemu fulani ya bamba la kuchapia.

Karibu maski zote zilizomo kwenye programu za leo naziweka katika mafungu manne, kulingana na kile kinachojulikana na kila moja. Maski za mkono, yaani brashi, duara na mteremko, zinajua mahali. Maski za ung'avu zinajua kiasi cha mwanga: ziambie zishike pikseli zenye giza, zitazishika zote, ziwe kwenye shavu, kwenye buibui au chini ya ngazi. Maski za rangi zinajua rangi, na hapa Mswahili awe macho, kwa sababu rangi ya ngozi zetu na rangi ya mbao za mlango wa Mji Mkongwe ziko karibu mno; ukichagua moja, nyingine inafuata. La nne ni la maski za akili mnemba, ambazo zinajua majina: huyu mtu, hili anga, hizi nywele, hili jicho. Kila fungu lina elimu yake na upofu wake, na upofu wa moja kwa kawaida ndiyo elimu ya nyingine.

Tendo la kuziunganisha lina njia tatu. Kujumlisha ni kuchukua kilichomo katika maski ya kwanza pamoja na kilichomo katika ya pili. Kutoa ni kuondoa katika ya kwanza kile kilichomo katika ya pili. Kukutanisha ni kubakiza tu kile ambacho maski zote mbili zinakikubali, kama mashahidi wawili wanaoulizwa kila mmoja peke yake. Kujumlisha na kutoa wengi wanavijua, kwa kuwa vinafanana na kupaka na kufuta. Kukutanisha ndiko kunakosahauliwa, nami nadai ndiko kwenye manufaa kuliko vyote.

Turudi kwa bibi harusi. Kwa anga, chora mteremko uleule, kisha ukutanishe na maski ya anga iliyotambuliwa na akili mnemba. Mteremko unasema giza liwe kali juu na lififie kuelekea bahari. Maski ya anga inasema lisiguse kisicho anga. Tanga na mlingoti vinabaki na mwanga wake, na wingu linaingia giza polepole kama ilivyo kwenye macho yetu jioni. Kwa uso, chagua ngozi ya mtu, kisha ikutanishe na maski ya ung'avu inayoshika vivuli tu. Tangu Oktoba 2022 programu ya Lightroom inaweza kutenga ngozi ya uso, midomo na nywele za mtu mmoja mmoja, hivyo unaweza kujiuliza kwa nini tuhangaike na ung'avu wakati shela limekwisha kuachwa nje. Sababu ni ule mstari wa jua unaolamba shavu na sikio. Nao ni ngozi, na programu imeutambua kuwa ngozi. Ukiunyanyua pamoja na kivuli, unaungua. Jina pekee halikutosha. Ilibidi jina likutane na mwanga.

Nyuma ya vitufe hivyo kuna hesabu ya darasa la tano, na anayeielewa hupunguza usiku mwingi wa kubahatisha. Kukutanisha ni kuzidisha. Pikseli yenye 1 katika maski zote mbili inabaki 1. Yenye 1 huku na 0 kule inakuwa 0. Yenye nusu katika zote mbili? Nusu mara nusu ni robo. Ndiyo maana ukikutanisha maski mbili zenye kingo laini, kingo zake hukonda kuliko ulivyotarajia, na wakati mwingine utepe mwembamba usiorekebishwa hubaki kuzunguka kichwa cha mtu kama nuru ya watakatifu. Ukiuona utepe huo, usiongeze nguvu ya marekebisho; panua kwanza ulaini wa maski mojawapo au sogeza mipaka yake nje kidogo. Kujumlisha nako kuna namna zake. Kuna programu zinazochukua thamani iliyo kubwa kati ya mbili, na nyingine huhesabu kwa kugeuza zote mbili, kuzizidisha, kisha kugeuza jibu, hivyo nusu na nusu huzaa robo tatu. Kutoa ni kuzidisha maski ya kwanza kwa kinyume cha ya pili. Kwa hiyo ukitoa kinyume cha maski fulani, umekutanisha, kwa sababu kinyume cha kinyume ni kitu chenyewe. Mtu akiwa na programu isiyo na kitufe cha kukutanisha lakini yenye kutoa na kugeuza, hajakosa kitu.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata wazoefu. Katika Lightroom, sehemu mbili zilizojumlishwa ndani ya maski moja si sawa na maski mbili zinazopandana. Ndani ya maski moja, ukiongeza mwanga kwa stopu moja, yaani kuuzidisha mara mbili, panapopandana pataongezeka stopu moja tu. Ukitengeneza maski mbili tofauti, kila moja ikiwa na stopu moja, panapopandana pataongezeka stopu mbili. Mabaka ya mwanga unayoyaona shingoni kwa watu wengi kwenye picha za harusi yametoka hapo: maski ya uso imepandana na maski ya mwili, na hakuna aliyeitoa moja katika nyingine.

Haja hii ni kongwe karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Katika miaka ya 1850, kemikali zilizopakwa kwenye vioo vya kupigia picha zilikuwa na wepesi mkubwa mno kwa mwanga wa buluu, hivyo anga liliungua kila mara wakati nchi na bahari bado ni giza. Mfaransa Gustave Le Gray alilitatua kwa kupiga negativu mbili, moja ya anga na moja ya bahari, kisha kuzichapa kwenye karatasi moja huku akifunika sehemu ya moja anapochapa nyingine. Picha yake ya wimbi kubwa huko Sète, ya mwaka 1857, imetengenezwa hivyo. Mwaka uleule Oscar Rejlander, akifanya kazi Uingereza, aliunganisha negativu zipatazo 30 katika picha moja. Le Gray hakuwa na neno maski kwa maana yetu, lakini kazi aliyoifanya kwenye mstari wa upeo wa bahari ndiyo ileile inayomsumbua mpiga picha wetu Forodhani.

Baadaye, katika chumba cha giza, mafundi walitumia mikono, vipande vya kadibodi vilivyotobolewa na vijiduara vilivyofungwa kwenye waya. Walivichezesha chini ya taa wakati wa kuchapa picha, ili sehemu hii ipate mwanga zaidi na ile ipungukiwe. Ansel Adams wa Marekani alipiga picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez mwaka 1941, na kwa miaka mingi iliyofuata akaichapa tena na tena. Chapa za baadaye zina anga jeusi kuliko za mwanzo. Negativu ilikuwa ileile, kilichobadilika zaidi ni mkono wa mchapaji. Huku kwetu, Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifunza kazi mwenyewe, aliwatia wateja wake ndani ya maua na vitu vingine kwa kukata na kuunganisha picha, na kazi zake zimeandikwa na watafiti wa upigaji picha wa pwani. Nikiziangalia kazi za namna hiyo sioni ushamba wowote. Naona mtu aliyekuwa akifanya kwa wembe na karatasi kile tunachokifanya sasa kwa kipanya.

Hesabu iliingia mwishoni mwa miaka ya 1970, pale Alvy Ray Smith na Ed Catmull, wakiwa New York Institute of Technology, walipoipa kila pikseli tarakimu ya nne kando ya nyekundu, kijani na buluu, tarakimu inayosema pikseli ionekane kiasi gani. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walichapisha kanuni za kuunganisha picha zenye tarakimu hiyo. Miongoni mwa kanuni zao imo ya kubakiza kilichomo ndani ya umbo la pili, na imo ya kubakiza kilicho nje yake. Hizo ndizo kukutanisha na kutoa, zilizokwisha kuandikwa miaka sita kabla ya Photoshop kuingia sokoni mwaka 1990.

Photoshop ilipata matabaka mwaka 1994, na matabaka ya marekebisho mwaka 1996, lakini kuunganisha maski kuliendelea kuwa siri ya wachache waliojua kucheza na chaneli. Mwaka 2006 Tony Kuyper, mpiga picha wa mandhari kutoka Marekani, alianza kueneza maski za ung'avu. Njia yake naipenda kwa sababu inaonyesha uzuri wa ile hesabu ya kuzidisha. Unachukua uteuzi wa sehemu zenye mwanga na kuukutanisha na wenyewe. Pikseli yenye 0.9 inashuka hadi 0.81, haijapoteza kitu kikubwa, yenye 0.5 inashuka hadi 0.25. Ukirudia tena, zile za katikati zinazidi kutoweka na zile ang'avu zinabaki zimesimama. Kwa kukutanisha kitu na nafsi yake, umechuja mwanga hadi kwenye kilele chake, bila kugusa brashi.

Lightroom ilifuata polepole. Toleo la pili, mwaka 2008, lilileta brashi na mteremko. Oktoba 2017 ilileta maski za kiwango cha ung'avu na cha rangi, lakini ziliweza tu kuichuja brashi au mteremko uliokwisha kuchorwa. Kwa maneno mengine, kulikuwa kukutanisha bila jina lake. Mlango ulifunguliwa wote Oktoba 2021, maski zilipokusanywa mahali pamoja, zikaongezwa za kutambua mhusika mkuu wa picha na anga, na mtumiaji akaruhusiwa kujumlisha, kutoa na kukutanisha aina yoyote na nyingine.

Asiyetaka kulipa ada ya kila mwezi ana darktable, programu huria iliyoanza mwaka 2009, isiyotoza hata senti. Kwa maoni yangu ndiyo shule bora ya somo hili, kwa sababu haikufichi hesabu. Karibu kila moduli yake inaweza kupewa maski ya kuchora, maski ya vigezo vya ung'avu na rangi, au zote mbili kwa pamoja, na unaulizwa waziwazi kama unataka zizidishane au zijumuike. Tangu toleo la 2.6, la Desemba 2018, maski iliyotengenezwa kwenye moduli moja inaweza kutumiwa na moduli inayofuata, bila kuichora upya. Ugumu wake ni kwamba inadai subira, na mwenye haraka ya kukabidhi picha Jumatatu atachoka. Kwenye simu, Snapseed inakuruhusu kurudi kwenye rekebisho lililopita na kulipaka kwa kidole palipo na haja. Hapo wewe mwenyewe ndiye unayekutanisha, na ukubwa wa kidole ndio mpaka wako.

Fundi wa harusi ana sababu nyingine ya kuchagua maski zake kwa uangalifu: hana picha moja, ana mia nne. Brashi hukaa pale ulipoichora. Ukinakili marekebisho kwenda picha inayofuata na bibi harusi amesogea hatua mbili, mwanga wa uso wake utaangukia ukutani. Maski za akili mnemba huhesabiwa upya kwa kila picha, na za ung'avu na rangi husoma pikseli za picha husika. Kwa hiyo mchanganyiko wa ngozi na vivuli, usio na brashi hata kidogo, unaweza kunakiliwa kwenye picha zote za Forodhani na ukafanya kazi katika nyingi kati ya hizo. Brashi iwekwe mwisho, kwa picha zile kumi zitakazowekwa kwenye fremu.

Hata hivyo akili mnemba isiaminiwe kupita kiasi. Nimeiona ikikata kingo za nywele za kipilipili zilizoachwa wazi kana kwamba zimepitiwa na mkasi, na nimeiona ikishindwa kujua buibui jeusi linaishia wapi na kivuli cha ukuta kinaanzia wapi. Kwa nywele, jumlisha kwa brashi pana inayovuka kingo, kisha ukutanishe na vivuli ili anga lililo nyuma lisiguswe. Kwa buibui hakuna njia ya mkato; mkono wako unajua pindo lilipo, nao ndio utakaotoa ushahidi.

Limebaki jambo ambalo kwangu ni zito kuliko ufundi wote huu. Maski inayoshika ngozi peke yake ni chombo cha kubadilisha ngozi. Juni 1994, magazeti ya Marekani Time na Newsweek yaliweka jaladani picha ileile ya polisi ya mtuhumiwa O. J. Simpson. Newsweek iliiacha ilivyo. Time iliitia giza, na watu walipoziona mbili hizo zikiwa bega kwa bega kwenye meza za wauza magazeti, waliuliza kwa hasira ni kwa nini mtuhumiwa mweusi amefanywa mweusi zaidi. Kwetu, mara nyingi kosa huenda upande wa pili. Bibi harusi ananyanyuliwa uso hadi mama yake haujui. Filamu na karatasi za picha kwa miongo mingi zilipimwa kwa kadi za wanawake weupe, na kipimo cha mwanga cha kamera huivuta kila picha kuelekea kijivu cha katikati. Tumeshazoea kuona ngozi zetu zikisahihishwa kana kwamba zilikuwa na kasoro. Kuna tofauti kati ya kumtoa mtu kivulini na kumtoa katika rangi yake. Njia ninayoitumia ni kutafuta katika picha hiyohiyo sehemu ya ngozi yake iliyopata mwanga wa kutosha, mkono au bega, na kuifanya kipimo. Uso ukizidi weupe wa mkono, nimepita mpaka, narudi nyuma. Wala sigusi rangi ndani ya maski ya ngozi, naongeza mwanga tu.

Waandishi wa habari wana mpaka mkali zaidi. Mwaka 2015 shindano la World Press Photo liliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho baada ya kuzilinganisha na faili za awali, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kutia sehemu giza au weupe hadi vitu vikatoweka. Maski ya mandhari ya nyuma iliyoshushwa mwanga stopu tatu inaweza kumfuta mtu barabarani sawasawa na aliyemkata kwa mkasi. Picha ya harusi haina jopo la waamuzi, lakini ina wajukuu watakaotaka kujua siku ile nyuma ya bibi yao palikuwa na nani.

Basi, msomaji, ukimaliza picha yako ya Forodhani, usiikabidhi bado. Zionyeshe maski zako moja moja katika nyeusi na nyeupe, utazame kingo zake kwa ukubwa kamili. Kisha zizime zote kwa pamoja, uuangalie uso wa bibi harusi kama kamera ilivyouona, uziwashe tena, na ujiulize kama huyu bado ni yuleyule.